Makaratasi ya Emérite Yaliyogawanywa Matangani

Wahenga walisema macho hayana pazia. Hawakukujua wewe. Wewe ulimwona Carmel akipanda ngazi za jengo lenu pale Hillbrow, lifti imekufa kama kawaida yake, kabeba kwapani jalada kubwa la kadibodi, jasho linamtiririka, na ulijua vizuri sana amefuata nini. Ukaongeza sauti ya televisheni. Ukamtuma mwanao akaseme mama amelala. Na alipogonga tena ulikuwa umesimama nyuma ya mlango wako mwenyewe, unapumua kwa kuiba, huku ile karatasi ikikuangalia kutoka ukutani, ndani ya fremu ya plastiki, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi yako.

Usiseme hukujua. Ulikuwepo. Lakini kwa kuwa usahaulifu kwako ni kama dini, tuanze mwanzo.

Mwalimu Emérite alizaliwa Usumbura, mji haujaitwa bado Bujumbura. Alikuwa msichana aliyetoka tu shuleni pale wamisionari walipomwingiza katika chumba chao cha filamu, akawa anakata na kuunga mikanda, kazi ambayo wenye Kifaransa wanaiita montaji. Mkubwa wa chumba kile alikuwa Padri Verhulst, huyo huyo aliyembatiza. Mpiga picha wao alikuwa anashinda bonde la Rusizi akipiga kila kilichopita mbele yake: wakulima wa pamba wakicheka kwa sababu wameambiwa wacheke, na pia, kwa vile kamera haina adabu, nyapara akimcharaza mtu kiboko kwa sababu shamba lake la pamba limeota magugu. Padri aliangalia yote akasema: hii weka, ile tupa. Emérite aliweka alivyoambiwa kuweka. Vilivyotupwa aliviokota chini ya meza akatoka navyo kwenye kikapu, juu yake katandaza mboga za lengalenga.

Nyumbani kwa mama yake, miaka na miaka, alivibandika vipande vile kwenye makaratasi magumu, pamoja na vile vya watu wanaocheka. Karatasi hii, meno nje. Inayofuata, kiboko kiko hewani. Inayofuata, mkono unaangusha pamba. Pembeni aliandika kwa penseli kila picha itazamwe kwa muda gani, jicho liingilie wapi na litokee wapi. Filamu ya Padri iliungwa ili watu wasione. Hii iliungwa ili waone. Na ukichukua karatasi moja peke yake huna kitu, una mtu anacheka tu, au mkono tu. "Picha moja ni shahidi aliyehongwa," alikuwa akisema. "Lete mbili zigombane, ndipo utasikia kilichotokea."

Vita vilipomtoa Burundi alifunga makaratasi kabla ya kufunga sufuria. Akafika Johannesburg, akapata gereji Kensington, nyuma ya duka la mapazia, akawakusanya ninyi: wasusi, washonaji, walinzi wa mageti, watu mliokuja na vyeti ambavyo hakuna aliyevitaka. Akawafundisha. Na alikuwa mkali. Aliyechanganya mpangilio wa makaratasi alipigwa rula kwenye vidole, hata awe baba wa watu. Carmel, Mkongomani wa Bukavu, alipigwa kuliko wote. Leo ndiye anayeunga video za harusi za nusu ya Wakongomani wa mji huu, na kama shangazi yako alitoka mrembo kwenye yako, ni kwa sababu Carmel alijua pa kukata.

Mwalimu akafa, uzee tu. Hakuacha mtoto. Na kwetu matanga hayaanuliwi mpaka vitu vya marehemu vigawanywe, kila mtu ashike fungu lake mkononi, roho ya mwenyewe itulie. Mkubwa wa ukoo hapa mjini ni Didier, mpwa wake, fundi wa suti na mzee wa kanisa. Aligawa vitenge, akagawa sufuria, akafika kwenye makaratasi. Akasema kwa ile sauti yake ya mimbari: "Shangazi hakuzaa, lakini wanafunzi ni watoto. Kila mtoto achukue fungu lake."

Maneno mazuri. Watu walilia. Kisha mkapanga foleni mkachagua, na hakuna aliyetaka wale wanaocheka. Kila mmoja alimtaka yule mzee anayepigwa kiboko, kwa sababu kila mmoja alimwona babu yake. Kuna karatasi anainama, kuna anaangalia nyuma, kuna ameshika mti. Mkamgawana kama mbuzi wa sikukuu. Carmel naye alichukua lake. Mkaenda kumning'iniza kila mtu kwake, mkasema mnamuenzi Mwalimu.

Yaliyobaki, Didier aliyapeleka katika nyumba moja ya kumbukumbu pale Newtown. Wakamuuliza ni ya nani. Sasa, kwetu mtu mwenye adabu hamtaji mtoto kabla ya kumtaja baba. Didier akaanza na baba wa ubatizo: haya ni ya nyumba ya Padri Verhulst, na binti yake wa kiroho, Emérite, ndiye aliyeyatunza. Aliyekuwa mezani akaandika kama alivyosikia. Kwani makaratasi yenyewe yalimbishia? Yalikuwa yamejaa watu wenye pamba mikononi wanacheka, sawasawa na filamu ya Padri.

Hivyo ndivyo Carmel alivyoyakuta. Alikwenda Newtown kupiga picha za bwana harusi mmoja, akaingia mle ndani kukwepa mvua, akaona makasha mezani, jina la Padri limeandikwa kubwa, na chini yake, kwa herufi za kuombaomba: mtunzaji, E. Hata jina lote walimnyima.

Mwenye kuyashughulikia alikuwa Ameir, mtu wa Unguja, shati limenyooka, maneno yamenyooka zaidi.

"Dada yangu, mimi jina nimelikuta. Sikulibuni."

"Ulikuta jina la mwanamume ukaona limetosha."

"Nimekuta maelezo ya familia. Mpwa wake alisimama hapo hapo uliposimama wewe."

"Kiswahili chako kitamu, kaka. Kinateleza kama samli. Sasa kitumie kunijibu: nani alishika mkasi?"

Ameir hakukasirika, na hilo ndilo lililomkera Carmel. Alifungua kasha, akamwonyesha. Wanaocheka. Wanaocheka. Ng'ombe. Wanaocheka.

"Wewe ukiangalia hapa unaona kazi ya nani?" aliuliza Ameir. "Mimi naona za Padri. Unaniambia ziko nyingine. Basi niletee. Kamati ya majina inakaa Alhamisi. Makasha yakishapewa jina yanapigwa picha, yanaingia kwenye katalogi, yanasomwa dunia nzima. Baada ya hapo hata ulie machozi ya damu, halibadiliki. Usiniletee maneno, dada. Niletee mpangilio."

Carmel alitoka bila kuaga. Pale kwenye robot, taa za barabarani, magari yanapiga honi, alisimama katikati ya barabara kama mtu aliyesahau miguu. Alikuwa ameshaelewa. Mwalimu alikuwa anageuzwa kijakazi wa mtu aliyemwamuru atupe, na ushahidi wa kumtoa hapo ulikuwa umetundikwa kwenye kuta za Hillbrow.

Alianza na lake. Alilishusha ukutani siku hiyo hiyo akalilaza ndani ya jalada la kadibodi. Kisha akamfuata Damien, anayelinda geti la ofisi moja Braamfontein. Damien alisikiliza, akarudi siku ya pili na karatasi kaizungushia taulo. "Sharp, sawa," alisema, "mwambie Mwalimu nilikuwa na nia nzuri." Nia nzuri. Mji huu umejaa watu wa nia nzuri, ndiyo maana hakuna kitu kinachosimama.

Kwa Jeannine, mwenye saluni, mambo yalikuwa mengine. Karatasi yake ilikuwa juu ya kioo kikubwa, mahali wengine wanaweka bei. Nyapara ameinua kiboko, na chini yake mzee amejikunja, sikio moja linaonekana. Jeannine alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Fungu la marehemu halirudi, Carmel. Ukilirudisha unamwita aje kulichukua, na akija haondoki peke yake."

"Nani alikuambia?"

"Maman yangu."

"Maman yako alikuambia pia usiolewe na mtu wa Kinshasa."

Mteja akacheka. Jeannine akavuta rasta moja kwa nguvu, mteja akanyamaza.

"Huyu ni babu yangu," Jeannine alisema. "Angalia sikio. Njo sikio la kwetu."

"Damien anasema ni babu yake. Falonne wa duka la spaza anasema ni babu yake. Eish, huyu mzee alikuwa na wake wangapi?"

"Unacheka na wafu."

"Sicheki na mtu, dada yaya. Kama ni babu yetu wote, mbona tumemkatakata kila mtu akaondoka na nyama? Hapa kwako mkono umeinuka. Kwa Damien umeshuka. Tangu matanga huyu nyapara ameinua mkono ndani ya saluni yako na hajapiga. Unasuka watu chini ya mkono usioshuka, unaona ni pambo."

Wanawake waliokuwa wakingoja zamu waliacha simu zao wakainua macho juu ya kioo. Mmoja alisema yeye siku zote alidhani mtu yule anapunga mkono, anaaga. Carmel akafungua jalada, akatoa ya Damien, akaishika chini ya ile ya Jeannine, ukingo kwa ukingo, kama Mwalimu alivyowafundisha. Mkono juu, mkono chini. Yule aliyedhani anapunga akageuza uso, lakini angalau yeye alikuwa ameona kwanza. Wewe uligeuza kabla.

Jeannine alipanda juu ya kiti, akang'oa fremu na msumari wake, plasta ikammwagikia mteja mabegani.

"Chukua. Na ukiota mtu, usinipigie simu."

"Asante."

"Sikufanyii wewe. Toka, unanifukuzia watu."

Ndivyo alivyozipata, moja kwa matusi, moja kwa kununiwa, moja kwa kuahidi kuunga video ya ubatizo bure. Falonne alimzungusha siku nzima kisha akampa kwa dirisha la spaza, kama anayeuza sigara mojamoja. Wengine walihama bila kuaga. Wengine walilala. Hillbrow nzima ilishikwa na usingizi wiki ile, mchana kweupe, kila Carmel alipogonga.

Alibaki Didier. Kibanda chake cha suti kiko barabara kuu ya Kensington, na makaratasi aliyojichukulia kwa haki ya ukoo, yaliyo bora kuliko yote, ameyalaza chini ya kioo cha meza ya kukatia. Anapiga chaki juu yake. Mzee wa kiboko anatazama juu, na juu yake kuna suruali ya mchungaji fulani.

"Papa Didier," Carmel alisema, kwa heshima bado, "twende Newtown useme ulivyomaanisha. Neno moja tu. Na unipe hizi."

"Nikaseme nilikosea? Mbele ya wale?"

"Ukaseme shangazi yako ndiye aliyefanya kazi."

"Kila mtu anajua."

"Nani? Kasha linasema Padri."

Didier aliweka mkasi chini. Alifikiri. Ukweli usemwe, alifikiri kwa muda mrefu, na Carmel akaanza kuwa na matumaini kama mjinga.

"Padri sawa, tumwondoe," alisema mwisho. "Waandike familia. Mkusanyo wa familia ya Didier. Hapo nitakuja, na suti nitavaa."

"Alikuwa na jina lake, papa."

"Binti yangu, jina la mwanamke asiyezaa linakwenda wapi?"

"Linakwenda juu ya kasha."

"Kasha." Alicheka kidogo, akashika mkasi tena. "Mimi nilimzika. Wewe unanifundisha kumlilia?"

"Ulimzika mara mbili, papa. Ya kwanza ulikuwa na ruhusa."

Akamfukuza. Na siku hizi anasimulia kanisani kwamba Carmel alimtukania marehemu, na ninyi mnatikisa vichwa, mnasema vijana wa leo. Carmel ana miaka hamsini.

Alhamisi ikafika. Ameir alikuwa amemwandalia meza ndefu, na lazima isemwe kwamba alikuwa amevua koti mwenyewe kuisafisha. Carmel alipanga: wanaocheka wa kutoka makashani, na katikati yao zile za kutoka ukutani, kila moja mahali pake. Mahali pake alipajua kwa vidole, maana vilipigwa rula mpaka vikajua. Lakini mapengo yalikuwepo. Hapa pengo, pale pengo, meza kama mdomo wa bondia.

Ameir alitazama mlangoni kama kamati haijafika, akainama.

"Sogeza zikaribiane," alisema polepole. "Ziunganishe tu. Watakaokaa hapa hawajawahi kukata mkanda hata wa viatu. Wataona mtiririko, watapiga mhuri, Mwalimu wako atapata jina lake leo hii. Mimi sijasema."

Hebu kwanza pima uzito wa neno lile. Alilolitafuta kwa ngazi zote zile lilikuwa umbali wa kusukuma karatasi kwa kiganja. Carmel aliweka kiganja mezani. Alisukuma moja. Ikafunika pengo, na mtu anayecheka akakutana na mtu mwingine anayecheka, bega kwa bega, pamba mkononi, jua linawaka, hakuna aliyepigwa. Ilipendeza. Ilikuwa filamu ya Padri.

Akairudisha nyuma.

"Nipe karatasi nyeupe," alimwambia Ameir.

"Za nini?"

"Za kwenye mashine yako. Lete tu."

Akaweka nyeupe moja katika kila pengo. Kamati ilipoingia, mwenyekiti, mama mmoja mtu wa hapa hapa, mtulivu, alizunguka meza yote, akisimama, akirudi, akisimama tena pale mkono unapoinuka na pale unaposhuka. Kisha akagusa moja ya zile nyeupe, akauliza kwa Kiingereza ni kitu gani.

"Huyu anaitwa Didier," Carmel alisema. "Yuko Kensington, anakatia suruali juu yake."

"Na hii?"

"Huyu yuko Hillbrow, ghorofa ya juu. Amelala. Kila nikifika amelala."

"Na hii?"

"Hii pia iko Hillbrow. Aliniambia kupitia mlango kwamba nimekosea nyumba. Nilikaa jirani naye darasani."

Mjumbe mmoja alicheka, akaona mwenyekiti hacheki, akajikohoza.

"Mkono mmoja umefanya kazi hii, nauona," mwenyekiti alisema, na Ameir akatafsiri japo Carmel alikuwa ameshaelewa. "Lakini siwezi kuweka jina la mtu juu ya karatasi tupu. Hizi nyeupe zinanieleza kilichopotea, hazinionyeshi." Aliamua makasha yabaki mezani mpaka Jumatatu. Nyeupe zikijazwa, jina ni la Emérite. Zisipojazwa, jina lililopo linapigwa picha Jumanne, na makasha yanafungwa.

Kwenye korido Ameir alikuwa amekasirika kwa mara ya kwanza.

"Ungezisogeza ungelipata jina leo."

"Ningepata jina la Emérite juu ya kazi ya Padri. Kuziba pengo ili watu waonekane wanacheka, hiyo ilikuwa kazi yake yeye. Mwalimu aliifanya mchana kwa sababu alilazimishwa. Mimi nani amenilazimisha?"

Ameir akamshikia mlango.

Sasa sikiliza vizuri. Carmel hatapanda tena ngazi zako. Amemaliza. Magoti yake yamemaliza, heshima yake imemaliza, na ana haki. Nyeupe yako iko mezani Newtown, kati ya mtu anayecheka na mtu anayecheka, na kila anayepita anauliza ni ya nani, na Ameir anamjibu kwa jina lako, maana Carmel ameliandika kwa penseli kwenye kona. Usilete hadithi za fungu la marehemu. Marehemu hakukuachia fungu, alikuachia somo, na ulilikata kipande ukaenda kupambia ukuta. Usiseme huyo mzee ni babu yako. Kama ni babu yako, mpeleke akutane na aliyempiga, mbele ya watu, aonekane. Usingoje Didier aanze, Didier anakungoja wewe. Jumatatu si mbali na taksi zinapita chini ya dirisha lako. Weka chini unachosoma. Inuka, ishushe hiyo karatasi, na kama msumari umegoma uvunje ukuta, kisha itie kwapani uende nayo Newtown. Leo. Sasa hivi, kabla hujaanza kupiga miayo.